Paneli Isiyo na Saa

...na sasa nati yenyewe imekataa kuingia, imechagua leo ya kukataa, saa hii, wakati yeye amechuchumaa kati ya ukuta na pua ya ndege, goti moja limeshakufa ganzi, mkono umepita chini ya mabomba mpaka kwapani na vidole viwili tu ndivyo vilivyofika, na upande wa pili wa bati mume wake anazungusha bolti polepole akisema "usiachie, Sista, usiachie kwanza", kana kwamba kuna mtu amesema anaachia, kana kwamba hakuingia humu chumbani na jambo moja tu mdomoni, alilolibeba kutoka jikoni kwa uangalifu kama kikombe kilichojaa mpaka ukingoni, Kobe anakuja kuichukua, basi, maneno matatu, mtu anavuta pumzi anayatoa, lakini alipofungua mlango Kapteni aligeuza shingo akasema "afadhali umekuja, hebu nishikie nati hapo nyuma, dakika moja tu", na yeye, mkunga mzima, mwanamke aliyezoea kuamrisha wodi nzima kwa jicho, akavua kandambili akajipenyeza huku nyuma bila hata kuuliza nati gani, na sasa amekwama, huwezi kumwambia mtu kwamba unamwondolea ndege yake huku umemshikia nati ya ndege hiyo hiyo, hata uso mkavu una mpaka wake... na Kobe alisema alasiri, na alasiri ndiyo hii, ijapokuwa alasiri ya Kobe inaweza kuwa ya kesho, si bure wakampa jina hilo, ile pikapu yake ukiisikia inaingia mtaani una muda wa kuchemsha chai na kuinywa kabla haijafika getini, yule yule mwenye yadi ya vyuma chakavu aliyeileta ndege hii kipande kwa kipande, leo usukani, wiki nyingine kiti, akishusha huku anacheka, ndiye huyo ambaye yeye alimpigia simu jana aje aiondoe, na safari hii Kobe hakucheka, aliuliza "Kapteni anajua?", naye akajibu "atajua", akakata simu kabla hajaulizwa lingine, maana lingine lilikuwepo, Kobe alianza kusema kitu kuhusu saa, kwamba saa zote za ndege bado ziko yadini kwake, na yeye hakutaka kusikia habari za saa, alitaka chumba.

"Imeshika?" anauliza Kapteni. "Bado," anajibu, na ni kweli, inazunguka tu bila kuuma, na nuru inayoingia dirishani inamwonyesha kila kitu asichotaka kukiona, ukuta wa chumba cha binti yao wenye mabaki ya gundi pale zilipokuwa picha, mistari ya penseli kwenye fremu ya mlango, mstari wa alipoanza shule, mstari wa alipompita mama yake kwa kimo akashangilia nyumba nzima, na katikati ya hayo yote ndege, nusu ya ndege, pua na viti viwili na kioo cha mbele kilichopasuka kona, iliyoingia kupitia dirishani kwa sababu hawa watu wawili wenye akili zao walipima chumba, wakapima ndege, wakapima mpaka feni ya darini, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kupima mlango, ikabidi fundi aje akate nondo za dirisha, jirani akiwa juu ya ukuta wake anaangalia bila haya, "shemeji, siku ikipaa mtuambie mapema tuanue nguo", mtaa mzima ukacheka na yeye akacheka, alicheka kweli siku ile, alifurahi, kwa sababu Kapteni alikuwa amesimama tena, baada ya miezi ya kukaa kwenye kochi akiangalia televisheni iliyozimwa alikuwa amevaa ovaroli na anatoa amri, sukuma, kushoto kidogo, hapo hapo, na alimweleza binti yao kwa simu kwamba baba yako anajenga chumba cha rubani, hakipai, usiogope, kinawekwa kompyuta na skrini kubwa mbele, ukikamata usukani uwanja unakujia kama kweli, watu huwa nazo majumbani mwao huko nje, na binti akasema "mwacheni baba afanye, mimi chumba sikihitaji tena", ndiyo, alisema hivyo, na sasa mume wa binti amehamishiwa kazi mbali, nyumba ya huko haijapatikana, na Jumamosi binti anakuja na kichanga chake, na kitanda chake kimesimamishwa wima ukumbini nyuma ya pazia, na hakuuliza, maskini, hakuuliza atalala wapi, alisema tu "tutajibana, mama", na neno hilo ndilo lililomkata maini, mtoto ajibane kwao, aliyezaliwa juzi ajibane, kwa ajili ya mabati yaliyookotwa kwenye magugu nyuma ya banda la ndege... si mabati tu, sawa, ndege aliyoirusha Kapteni mwenyewe miaka mingi kabla ya mtu mwingine kuivunja pua mtaroni, anaelewa, nani asiyeelewa, lakini kuelewa hakumpi mtoto pa kulala.

"Nadhani bolti ni fupi," anasema Kapteni, "ngoja niitoe, nibadilishe, wewe kaa na nati yako hapo hapo, usitoe mkono, tukiipoteza humo ndani hatuipati mpaka kiama," halafu, kama ilivyo kawaida yake, "unayo?", na mdomo wake unajibu wenyewe bila kupitia kichwani, "ninayo", na Kapteni anamalizia, "unayo", na ndipo anapochomoa bolti, si kabla, hajawahi kuchomoa kabla, maisha yao yote yamejengwa kwa maneno hayo matatu, alimfundisha wiki ya kwanza ya ndoa akiwa amemshikisha sufuria ya moto, kwamba ndani ya ndege marubani wawili hawaachiani usukani kimyakimya, anayetoa huuliza, anayepokea hujibu, anayetoa hurudia, na mkono hautoki mpaka yote yamesemwa, kwa sababu ndege imewahi kubaki haina mtu, kila mmoja akidhani mwenzake ameshika, wote wawili wamekaa wanaangalia mawingu, na yeye alimcheka, sufuria ya maharage na mambo ya mawinguni wapi na wapi, lakini mchezo ukawa mazoea, mazoea yakawa lugha ya nyumba, na alipotoka wodini na binti yao amefungwa kwenye khanga, akamnyooshea yule rubani kijana ambaye mikono ilikuwa inamtetemeka waziwazi, alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza "unaye?", kijana akajibu "ninaye", yeye akamwambia "unaye", na wakunga wenzake wakaangaliana wakidhani uchungu umempanda kichwani... na kupitia matundu ya paneli, yeye alikuwa anaiita dashibodi, "dashibodi ni ya gari, Sista", kupitia matundu ya mviringo ambamo zingekaa zile saa, naye huziita saa kwa makusudi ili arekebishwe, vipimo, Sista, hiki cha kimo, hiki cha mwendo, hiki cha mafuta, kupitia matundu hayo mume wake anaonekana vipande vipande, tundu hili kidevu chenye mvi zilizoponyoka wembe, lile sikio, lile la chini kifungo cha shati kilichofungwa kwenye kishimo kisicho chake, na kifungo hicho alikiona tangu asubuhi akakitania, akasema uzee unabisha hodi, mtu aliyekuwa akipiga pasi mpaka soksi, na Kapteni akacheka naye, akasema "acha hivyo hivyo, ni fasheni", na hakukirekebisha, hakukirekebisha hata baada ya kuambiwa.

Anapapasa sanduku la bolti sasa, vyuma vinagongana, "hii, hapana, hii", anazipima kwa kidole gumba, hata haangalii, macho yameelekea juu kwenye kioo cha mbele kana kwamba anasikiliza redio, na yeye huku nyuma anapanga upya maneno, labda aanzie kwa mtoto, Kapteni, mjukuu wako anakuja, watu wanafagia njia kwa ajili ya wajukuu, labda aanzie kwa lawama, mbona umekawia namna hii, mbona kila Kobe akija analeta mikono tu, maana hilo nalo limemchosha, mikono na vishikio, wenzo wa mafuta, wenzo wa magurudumu, swichi, pedali, kila kinachoshikika kipo, na matundu ya saa yako wazi vile vile, na mkwe wao alipojitolea televisheni yao kubwa iwe skrini, "baba ichukueni, sisi tunahama", Kapteni alishukuru akasema bado, tumalize mikono kwanza, lakini spika hakusema bado, spika alizifunga mapema, mbili, chini ya kiti, akiwasha injini ya kompyuta kiti kinatetemeka na vikombe vinalia kabatini, sauti tupu, hakuna picha, anakaa humu jioni nzima kwenye mngurumo, na yeye jikoni anaukoroga uji kwa hasira, ndege gani hii ya kusikiliza... na daktari wa macho alisema imesimama, hilo ndilo analoliegemea, presha ya macho ilimtoa Kapteni kazini, ilimla pembeni, "pembeni tu, Sista, katikati pazima", alisema siku aliyorudi kutoka kwenye vipimo vya marubani, na kofia ameishika mkononi badala ya kuivaa, akaenda moja kwa moja kuiweka juu ya kabati na haijashuka tena, wakalia, hawakuficha, walilia pamoja kisha wakala, na tangu hapo ni matone asubuhi na jioni, chupa mlangoni mwa friji, na kliniki, na kila akirudi anasema imesimama, ilivyo ndivyo itakavyobaki, na... na safari ya mwisho alikwenda peke yake, akasema foleni ndefu, utachoka miguu bure, mtu ambaye hata kunyoa nywele alitaka asindikizwe.

Kitu kimeanguka, kiling, kwenye sakafu ya saruji, "aa, washa hiyo," anasema Kapteni, washa, kile kipete chembamba cha bati kinachokaa chini ya bolti, na kupitia tundu la chini anakiona vizuri kabisa kinavyobingirika, kinavyozunguka, kinavyolala chali karibu na kisigino cha kulia cha Kapteni, katikati ya jua, kinang'aa, na Kapteni anainama, anaangalia, uso wake umeelekea pale pale, na kiganja chake kinashuka sakafuni kando yake, kinapapasa kushoto, kinarudi, kinapita karibu kiasi kwamba kivuli cha vidole kinakizima na kukiwasha, na kinaendelea, "imekwenda wapi hii", kwa sauti nyepesi ya mtu asiyejali, na yeye anafungua mdomo kusema hapo, hapo kisiginoni, kipofu wewe, ndivyo wanavyotaniana nyumba hii kila mtu akitafuta kilicho mbele yake, na mdomo anaufunga tena, kwa sababu Kapteni ameinua uso na tundu la juu limejaa uso huo wote, na si uso wa mtu aliyeudhika, ni uso wa mtu anayesubiri kuona kama amegunduliwa. "Basi, acha," anasema Kapteni, "ninayo nyingine," na mkono unarudi sandukuni... taratibu, usikimbilie, wodini alikuwa akiwaambia wasichana wanaojifunza usikimbilie kusema unachodhani, pima tena, basi anapima tena, kifungo cha shati, mvi za kidevuni, chai inayomwagwa kwenye sahani badala ya kikombe akidai amesukumwa, bega linalogonga fremu ya mlango wa chooni kila asubuhi, gazeti ambalo sasa anapenda kusomewa kwa sababu eti sauti yako tamu, na yeye alivimba kichwa kwa hilo, alivimba kabisa, mkwe na skrini yake, bado, na saa, Kobe na saa zake, alichotaka kusema Kobe kwenye simu kinamrudia sasa neno kwa neno kana kwamba sikio lilikihifadhi kwa makusudi, "zile saa nilimpa bure, Sista, akakataa, akasema hazina kazi kwake"... hazina kazi kwake... na matundu haya yote, ambayo amekuwa akidhani yanasubiri kitu, hayasubiri kitu.

Na hata vishikio, mbona hakuviona, amevifuta vumbi kila wiki hakuviona, huu wenzo umezungushiwa kwa nyuma uzi wa kushonea, uzi wake mwekundu alioutafuta mpaka chini ya kochi, ule umevishwa mpira mwembamba, mpira wa kufungia mkono wakati wa kutafuta mshipa, umetoka kwenye mkoba wake wa kazi na alimsingizia panya, swichi hii imekwaruzwa kwa tupa mara moja, inayofuata mara mbili, hakuna viwili vinavyofanana mkononi, na kutoka huku nyuma, kupitia tundu la katikati, anaviona vidole vya mume wake vikipita juu ya hivyo vyote kutafuta pa kuweka bisibisi, wepesi, havikosei, vinagusa na kuendelea, na macho amefumba, Mungu wangu, amefumba kabisa, na huo mwendo wa vidole anaujua, ni wake, ni mkono wake mwenyewe juu ya tumbo la mzazi, kiganja bapa kwanza, kisha ncha, kisha tulia usikilize, "fumba macho," aliwaambia wasichana wale mwaka baada ya mwaka, "mkono ndio unaoona," na Kapteni alimuuliza, mezani, wala si zamani, "hivi mnajuaje kichwa kiko wapi?", naye akamjibu kwa mzaha, halafu binti yao alipokuja na tumbo lake kubwa Kapteni akaomba, kwa heshima, kama anayeomba kuingia nyumba ya watu, "naweza?", na yeye akauchukua mkono wa mumewe akauweka, hapa mgongo, hapa kisigino, bonyeza usiogope, huku kichwa, na Kapteni alikaa hapo muda mrefu mpaka binti akasema "baba, ananisukuma", wakacheka wote, na alidhani ni mapenzi ya babu, ilikuwa mapenzi ya babu, lakini alikuwa anasoma pia, alikuwa amekuja darasani kwake na hakumwambia mwalimu.

Hasira inampanda moto mpaka masikioni, ya kweli, si ya jikoni, amemfanya mjinga, mtu unayelala naye kitanda kimoja, unayemtilia dawa machoni kwa mkono wako asubuhi na jioni, amekaa na jambo hili peke yake kana kwamba wewe ni mgeni wa mtaani, imesimama, imesimama, na kumbe inatembea, na nyuma ya hasira kuna woga na woga ni mkubwa zaidi, uso wa mjukuu, atauona? Jumamosi atauona, na mwaka kesho, na yule mtoto atakapoanza kucheka kwa makusudi, na nyuma ya woga huruma, si ile ya wagonjwa, ana ile nyingi na haimsumbui, hii ni nyingine inayouma kifuani, kwa sababu anamwona, kijana yule wa mikono ya kutetemeka, ameketi jioni baada ya jioni katika mngurumo wa spika akihesabu kwa vidole uzi, mpira, mkwaruzo, akijijengea mahali pamoja tu duniani ambapo giza likifika atakuta anajua kila kitu kilipo, na yeye amemwita Kobe aje na mnyororo... walikuwa wamekaa wote wawili wanaangalia mawingu, basi, na usukani hauna mtu, huyu akidhani mwenzake hajui, huyu akidhani hakuna cha kujua... na kitanda cha binti, kitanda gani, binti atalala chumbani kwao na mama yake na kichanga katikati, mwezi wa kwanza mtoto halali mahali pengine hata hivyo, mkunga gani asiyelijua hilo, na Kapteni atalala humu, kiti cha rubani kinalala nyuma mpaka mwisho, alijisifia mwenyewe, basi leo sifa hizo zimempata, alalie ndege yake.

Honi inalia getini, moja, ndefu, ya kizee, na bolti inasimama nusu ya tundu. "Nani huyo?" anauliza Kapteni. "Kobe," anasema, na goti linamchoma na nati imeshamwachia alama vidoleni. Kapteni hatikisiki. "Kama ameleta zile saa," anasema, haraka kidogo, "mwambie sikuagiza saa mimi." "Najua," anasema yeye. Feni inazunguka, pazia la dirisha lisilo na nondo linavutwa nje na kurudi, na ndani ya tundu la katikati hakuna kinachosogea. "Najua hukuagiza," anaongeza, taratibu, "huna kazi nazo." Anadhani Kapteni atasema foleni, atasema imesimama, na akisema imesimama atamrushia nati hii usoni, lakini Kapteni anauliza tu, kwa sauti ya chini, "tangu lini?" "Tangu washa," anasema, "iko kwenye kisigino chako cha kulia, juani," na anauona mkono ukishuka, kiganja bapa kwanza, kisha ncha, ukikitwaa kile kipete kama uliokiweka wenyewe. "Nilitaka nimalize kwanza," anasema Kapteni, na bado hajainua uso, "siku nitakayokwambia nilitaka niwe na pa kukaa." Honi inalia tena. Ana mengi ya kumwambia, kuhusu kliniki ambayo kuanzia sasa wataikalia foleni wote wawili waote mizizi, kuhusu panya aliyesingiziwa, kuhusu Kobe na simu ya jana ambayo hiyo itabidi aikiri yeye, na kugombana watagombana, vizuri, kwa nafasi, lakini vidole vinauma na mabomba huku nyuma yana kiza, haoni nati wala tundu wala chochote, hakuwa anaviona tangu mwanzo, na anafumba macho, anatafuta ukingo wa tundu kwa ncha ya kidole, anaipata ncha ya bolti ikija, baridi, ikitafuta na yenyewe. "Sista," anaita Kapteni, "yule mtu yuko getini." "Mwache," anasema, "Kobe hana haraka." Upande wa pili wa bati kitu kama cheko kinatoka puani na kukatika katikati, kisha pua inavutwa, kisha koo linasafishwa kwa kishindo, na anasubiri, macho ameyafumba, goti limekufa, mkono mpaka kwapani. "Unayo?" anauliza Kapteni. "Ninayo," anasema, na hajui kama amewahi kulisema neno hilo akalisikia, na anasubiri la tatu, hawezi kufanya lolote kabla ya la tatu, na linakuja. "Unayo," anasema Kapteni, na bolti inaanza kuzunguka tena, polepole, bado haijauma...